Mji Kasoro Zabibu: Mwongozo wa Mvinyo kwa Mtu wa Morogoro

Kila harusi kubwa ya Morogoro siku hizi ina mtu wake. Humkosi. Amekaa meza ya mbele, ameshika mguu wa glasi kwa vidole viwili, anaizungusha, anaiinua kwenye taa, anaipeleka puani, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: "Huu una tanini nzuri, ila bodi yake nyepesi." Meza inanyamaza. Shangazi aliyeteremka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi kwa ajili ya bwana harusi anaichungulia glasi yake kwa wasiwasi, kana kwamba kuna mdudu ameingia asimwone. Mjomba anaitikia, "Eeh, kweli," huku akiivuta soda yake karibu.

Mwongozo huu ni wa shangazi. Yule bwana wa kuzungusha glasi naye anakaribishwa kuusoma, na huenda ukamfaa kuliko wote. Maana maneno anayotunyamazishia ni maneno ya shambani na jikoni yaliyovalishwa suti. Mengi kati ya hayo Kiswahili kinayo tangu zamani, na mengine kinayo yaliyo bora zaidi, kwa sababu ulimi uliokua ukila zambarau, ukwaju, ndizi mbichi na embe changa yenye chumvi na pilipili umesoma shule ndefu. Umekosa cheti tu.

Tuanze na jina. Watu watatu wanaweza kuagiza kinywaji kimoja kwa majina matatu na wote wakawa sahihi. "Divai" ni neno la altareni, na wanaisimu hulirudisha kwenye Kifaransa, du vin. Haishangazi. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, kisha wakapanda bara hadi Morogoro, wengi wao walitoka Ufaransa. Mmoja wao, Padri Charles Sacleux, ndiye aliyetuachia ile kamusi nene ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa 1939. "Mvinyo" ni neno la zamani zaidi, mabaki ya Wareno na vinho yao, na kwa wazee wengi lilitaja kileo chochote kikali. "Waini" ni la baa. Tumia utakalo, wala usikubali kusahihishwa.

Na padri alipokwenda, mzabibu ulimfuata. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa iwe ya zabibu halisi na isiyoharibika. Imo katika kanuni ya 924 ya sheria za mwaka 1983, na desturi yenyewe ni ya karne nyingi. Ndiyo maana historia ya zabibu Dodoma haisimuliwi bila kutaja misheni ya Bihawana. Mtu asiyegusa kileo maisha yake yote, akitaka kujua kwa nini kuna mashamba ya mizabibu katikati ya nchi yetu, aanzie hapo.

Kwa nini Dodoma, si hapa?

Neno la kwanza la kuogofya ni "teruwa". Ni la Kifaransa, na bwana wa glasi hulitamka kwa kukunja midomo. Maana yake ni jumla ya udongo, mvua, jua, mteremko na mkono wa mkulima wa mahali fulani, vile vinavyolifanya zao la pale lisifanane na la kwingine. Wewe unalijua jambo hili tangu ulipotumwa dukani mara ya kwanza ukaambiwa, "Hakikisha ni mchele wa Kyela." Mama hakuhitaji Kifaransa. Alijua kwamba mbegu ileile ikipandwa pengine, sufuria itanukia vingine.

Teruwa yetu ndiyo iliyotunyima zabibu. Tumezoea kujisifu kwamba Morogoro ni mji kasoro bahari. Ukweli ni kwamba ni mji kasoro zabibu pia, na chanzo ni bahari hiyohiyo tunayoikosa. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga safu ya Uluguru, unapanda, unapoa na kumwaga maji. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tuna vuli, tuna masika, na katikati tuna ukungu unaokaa juu ya Lupanga kama kilemba. Kwa migomba, karafuu na pilipili manga hiyo ni neema. Kwa mzabibu ni wodi ya wagonjwa. Unyevu ukizidi, kuvu huingia: ubwiri unga, unaoyafunika majani na matunda kwa vumbi jeupe, na ubwiri vinyoya, unaoota chini ya jani kama manyoya. Mkulima atapiga dawa mpaka mabega yaote sugu.

Si bure kwamba soko kuu la mji wetu limeitwa Chifu Kingalu. Akina Kingalu wa Kinole walisifika kwa kuleta mvua. Nchi iliyowaheshimu watu kwa kazi hiyo haikuumbwa kwa mizabibu.

Sasa endesha kilomita 260 hivi kuelekea magharibi, upite Gairo, ufike Dodoma. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600, huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo ni jua, vumbi na upepo mkavu hadi mwisho wa mwaka. Mtu wa Morogoro akishuka kwenye basi mwezi wa Septemba anauliza watu hawa wanaishije. Mzabibu haumuulizi mtu. Unapeleka mizizi chini kutafuta maji, unabaki na majani makavu yasiyo na ukungu, na sukari inajikusanya kwenye tunda.

Kuna jambo hapo ambalo hata mabingwa wengi hulikosea. Wanapenda kuuliza "vinteji", yaani mwaka wa mavuno unaoandikwa kwenye lebo. Ulaya mwaka mmoja una mavuno mamoja, kwa sababu mzabibu hupukutisha majani ukalala wakati wa baridi kali. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeulaza na ndiye anayeuamsha: anaukatia maji, kisha anapogoa, yaani anayakata matawi yaliyokwisha kuzaa na kuacha macho machache. Mti unashtuka, unachipua, unatoa maua, na baada ya miezi minne hivi unavunwa. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka kukiwa na mvua, na tena Agosti na Septemba katika kiangazi. Mavuno ya kiangazi kwa kawaida huwa matamu zaidi, kwa kuwa hakuna mvua ya kulitia tunda maji. Bwana wa glasi akikuambia mwaka, muulize na mwezi. Ni swali halali kabisa katika nchi hii.

Neno jingine la shambani ni kubebesha. Hili Morogoro tunalijua hata usingizini, maana michungwa yetu mingi imebebeshwa juu ya mashina ya milimau, na Chuo Kikuu cha Sokoine kimewafundisha wengi kazi hiyo. Unachukua kikonyo cha mti wenye tunda unalolitaka, unakiunga juu ya shina lenye mizizi migumu. Mzabibu nao una kisa chake cha kubebeshwa. Katika karne ya 19 mdudu mdogo kutoka Marekani, filoksera, aliingia Ufaransa akaanza kula mizizi. Mashamba makubwa yakafa, nchi kwa nchi. Kilichoyaokoa ni kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya mizabibu ya Marekani, ambayo ilikwisha zoeana na mdudu huyo, na hadi leo sehemu kubwa ya mvinyo wa Ulaya hutoka kwenye miti ya namna hiyo. Je, hiyo bado ni zabibu ya Ufaransa? Muulize Mluguru yeyote. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hata akilelewa nyumba ya nani. Kikonyo nacho hubaki na ukoo wake. Mizizi inakilisha tu.

Ukoo wa zabibu ndio bwana wa glasi anaouita "varaiti". Sema aina, inatosha. Dodoma kuna Makutupora Nyekundu, iliyopewa jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, na kuna Chenin Blanc, nyeupe yenye asili ya Ufaransa, na Syrah, nyekundu. Zipo pia za Kiitaliano. Na tofautisha zabibu za mezani na zabibu za mvinyo. Za mezani ni kubwa, zina nyama na ganda laini, zimekusudiwa mdomo. Za mvinyo ni ndogo, zina ganda gumu na kokwa nyingi, na mtu asiyejua akizila anasema amepunjwa.

Sukari, chachu na neno "kavu"

Wafanyakazi wa viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa wanaweza kuruka aya hii, kwa sababu neno "briksi" ni mkate wao wa kila siku. Wengine tusikilize. Briksi ni kipimo cha sukari kwenye maji ya tunda au ya muwa, na kimeitwa kwa jina la Mjerumani Adolf Brix. Briksi moja ni gramu moja ya sukari katika gramu mia za maji hayo. Mkulima wa zabibu hukamua tone kwenye kifaa kidogo, akakielekeza kwenye mwanga na kusoma namba. Ikifika 20 na zaidi, anawaita wavunaji.

Sukari hiyo ndiyo itakayogeuka kilevi. Anayeigeuza ni chachu, kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho, wa jamii ileile ya hamira unayotia kwenye maandazi. Hula sukari, akatoa kilevi na hewa. Kwenye maandazi tunaitaka hewa. Kilevi kinapotea kwenye mafuta ya moto. Kwenye mvinyo ni kinyume chake. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kilevi, ndiyo maana zabibu za briksi 22 huishia kuwa mvinyo wa asilimia 12 au 13. Kilichokamuliwa na kuanza safari hiyo, wakulima wa Dodoma wanakiita mchuzi wa zabibu, na ndicho wanachowauzia wenye viwanda kwa lita. Nalipenda neno hili kuliko yote katika mwongozo huu. Lina jiko ndani yake.

Sasa lile fumbo linaloaibisha watu hotelini. Mhudumu anauliza, "Nikuletee mkavu au mtamu?" na wewe unajiuliza kimiminika kinakuwaje kikavu. Ukavu huo hauhusiani na maji. Mvinyo mkavu ni ule ambao chachu imekula sukari yote, au karibu yote. Mvinyo mtamu ni ule uliobakiwa na sukari. Kiswahili kimetutega hapa, kwa sababu zabibu kavu za kwenye pilau ni tamu kupita zote, na mvinyo mkavu hauna utamu wowote. Neno moja, mambo mawili yaliyopeana mgongo. Ukitaka kulielewa bila kamusi, mkumbuke mgemaji. Mnazi wa asubuhi ni tembo tamu, wa jioni ni tembo kali. Ulanzi wa Iringa ukitoka mwanzini ni mtogwa, mtoto anaweza kuulamba. Ukikaa unakuwa mkangafu, na mtu mzima anaanza kuimba. Hakuna aliyeongeza kitu. Chachu ilikuwa kazini, sukari ikapungua, kilevi kikapanda. Mkangafu ni mkavu. Wagemaji wetu walikuwa na maneno ya hatua hizo kabla hatujaona lebo ya chupa yoyote.

Rangi ni rahisi. Maji ya zabibu nyekundu nyingi ni meupe. Kamua moja uone. Wekundu umo kwenye ganda. Mchuzi ukichachuka pamoja na maganda, unapata mvinyo mwekundu. Ukitenganishwa nayo mapema, unapata mweupe. Ukiyagusa kwa saa chache tu, unapata ule wa waridi ambao kamati za sherehe za jikoni huupenda.

Ukakasi ni neno letu

Tumefika kwa tanini. Tafuna ndizi mbichi. Au kula zambarau mwezi wa Desemba, kiganja kizima, kisha jaribu kupiga mluzi. Ile hali ya mdomo kukunjana, ulimi kuwa kama umepitishwa msasa, fizi kukauka na mate yapo, inaitwa ukakasi. Ndiyo tanini hiyo. Ni kemikali iliyomo kwenye ganda na kokwa za zabibu, kwenye majani ya chai, kwenye mabibo. Inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na mdomo unasuguana wenyewe kwa wenyewe. Mvinyo mwekundu una ukakasi kwa sababu umelala na maganda, na mweupe una kidogo kwa sababu umetengwa nayo.

Nasisitiza hapa, kwa sababu ndipo shangazi alipoonewa. Bwana wa glasi huazima neno la maabara kueleza hali hiyo. Sisi tunalo neno la mtoto wa miaka mitano. Mtoto akirudi kutoka kwenye mzambarau, midomo ya zambarau na shati limeharibika, ukamuuliza zilikuwaje, atakujibu: "Zina ukakasi." Ametoa maelezo kamili ya mvinyo mwekundu mchanga. Ukikaa kwenye pipa au chupa, ukakasi huo hulainika. Ndipo bwana wa glasi husema tanini zimekomaa. Sema, "Ukakasi umelainika." Kila mtu mezani ataelewa, na ndiyo kazi ya maneno.

Asidi ni uchachu. Ndimu, ukwaju, embe changa. Kipimo chake ni mate: uchachu huyaita pembeni mwa ulimi, ukakasi huyafukuza. Wanaoanza huvichanganya viwili hivi kila siku, kwa hiyo jizoeze. Lamba ukwaju, subiri, kisha meza funda la chai nyeusi iliyochemka mno bila sukari. Hutavichanganya tena. Mvinyo usio na uchachu hupooza, kama kachumbari iliyosahauliwa ndimu.

"Bodi" ni uzito mdomoni. Uji wa mgonjwa ni mwepesi, uji wa lishe ni mzito. Maji, maziwa, mtindi. Kilevi kingi huongeza uzito, sukari nayo, na vile vitu vilivyotoka kwenye ganda. Mwepesi si mbaya. Kuna siku unataka uji wa mgonjwa ukiwa mzima.

Pua ya Matombo

Vitabu vingi vya mvinyo vimejaa matunda ambayo hatujayaona. Msomaji wa Kihonda anaambiwa atafute harufu ya beri fulani ya vichaka vya Ulaya, anakosa, anajiona hana pua. Pua anayo. Orodha ndiyo si yake. Andika yako. Una zambarau, una ukwaju, una ubuyu, una pera lililoiva kupita kiasi. Kutoka Mgeta, kule Nyandira, zinateremka stroberi, matunda damu, mapichi na mapeasi, matunda ya baridi yaleyale ambayo waandishi wa Ulaya huyataja. Kutoka Matombo na Mkuyuni una mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga. Na aliyewahi kupita karibu na viwanda vya tumbaku vya Morogoro msimu wa kazi anaijua harufu ya jani la tumbaku kuliko mwandishi aliyeinusa kwenye sigara.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba hii si ndoto ya mlevi. Zabibu ya Syrah husifika kwa harufu ya pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba wamekipata kinacholeta harufu hiyo, kikaitwa rotandoni, na ndicho hichohicho kilichomo ndani ya pilipili manga yenyewe. Basi twanga punje tatu za pilipili manga ya Matombo, zinuse, kisha nusa Syrah ya Dodoma. Wanasayansi walihitaji mashine kubwa. Wewe unahitaji kinu.

Harufu ya vanila au moshi mara nyingi haitoki kwenye zabibu, inatoka kwenye pipa la mwaloni ambamo mvinyo umelazwa. Anayeona ni jambo la ajabu chombo kutia harufu kinywaji, akumbuke maji ya mtungi uliofukizwa ubani.

Glasi yenyewe

Kuzungusha kuna sababu: mvinyo ukizunguka unagusana na hewa na harufu inapanda. Zungusha mara mbili tatu, nusa, basi. Anayezungusha robo saa anafanya mazoezi ya mkono.

Ile michirizi inayoteremka ndani ya glasi, ambayo mabingwa huiita machozi na kuipigia magoti, inatokana na kilevi kugeuka mvuke haraka kuliko maji. Mwanasayansi James Thomson alikwisha ieleza mwaka 1855. Inakuambia kuhusu kilevi, haikuambii kitu kuhusu ubora. Mtu akikwambia mvinyo ni wa thamani kwa sababu unalia, mwambie hata jiko la kuni linaliza.

Joto la kunywea linahitaji usikivu wako wote, kwa sababu hapa Morogoro tunaharibu mvinyo mwingi. Vitabu vinasema mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Kihonda mwezi wa Januari hupita 30, na mvinyo mwekundu katika joto hilo hunukia kilevi kitupu, ladha nyingine zote zikazama. Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya wageni kufika. Mweupe uache humo saa mbili. Wenye bahati ni watu wa Mgeta: mwezi wa Julai chumba chao ndicho kile cha kwenye vitabu.

Chupa yenye kizibo cha gome, lile gome la mwaloni linalotoka zaidi Ureno, ilaze, ili kizibo kisikauke kikaingiza hewa. Chupa ya kifuniko cha kuzungusha isimamishe, haina shida. Ukifungua na kunusa kuvu au katoni iliyoloa, kizibo kimeuharibu. Rudisha dukani bila kuona haya. Chupa nzima ukiiacha imefunguliwa siku nyingi, bakteria na hewa vitakugeuzia kinywaji kuwa siki, na siki hiyo itie kwenye kachumbari, haina kosa. Wala usiweke chupa kabatini ukisubiri iwe "ya zamani". Mvinyo mwingi unaouzwa duniani umetengenezwa unywewe ungali mchanga, na kabati letu lina joto.

Aliye chini ya miaka 18, mjamzito na dereva, kwao kuna zabibu zenyewe na maji yake. Aliyezuiwa na dini yake naye hana alichopoteza, kwa sababu ukakasi, uchachu na uzito vimo pia kwenye zambarau, ukwaju na uji, na wengi wa waliotufundisha maneno hayo ni bibi ambao hawakuwahi kugusa kileo.

Nimeyaandika haya kwa sababu nyingine pia. Tanzania ina zabibu, ina viwanda, ina wakulima wanaojua kuulaza mzabibu na kuuamsha bila msaada wa baridi. Hata hivyo kuna misimu ambayo zabibu zao zimekosa mnunuzi, huku meza zetu za harusi zikipangwa chupa zilizovuka bahari, kwa kuwa bwana wa glasi ametuaminisha kwamba cha nje ndicho chenye maneno. Maneno sasa unayo. Kamati ya harusi ikikaa, simama uulize kama kuna mvinyo wa Dodoma kwenye bajeti. Ukiletewa wenye ukakasi mkali mno, sema hivyohivyo, kwa Kiswahili, ili mtengenezaji asikie na arekebishe.

Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Morogoro hadi Dodoma. Agosti, zabibu za kiangazi zinapoiva, kata tiketi mbili. Ya pili ni ya shangazi.